Wewe ni Nani Wake?

Ilikuwa saa nane usiku. Muuguzi alitoka na fomu mkononi, akaangaza macho kwenye benchi, kisha akaniuliza: "Mama, wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Mke wake."

Akanipa kalamu. Nikatia saini pale aliponionyesha, na mume wangu akaingizwa chumba cha upasuaji. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Hakuna aliyeniomba cheti cha ndoa, na hata ningeombwa nisingekuwa nacho. Kimelala kwenye bahasha chini ya nguo kabatini, na sikumbuki nilikishika lini mara ya mwisho. Maneno yale mawili yalitosha.

Pembeni yangu alikaa mwanamke wa makamo, amekumbatia mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kandambili, miwani na chaja ya simu, vitu vya mtu aliyekuwa amelazwa upande wa pili wa ule mlango. Naye alikuwa ameulizwa swali lile lile. Nilisikia jibu lake: "Ni rafiki yangu. Tunaishi pamoja." Muuguzi akataka kujua kama mgonjwa ana ndugu. Akasema yupo kaka, lakini hawajasemezana miaka mingi. Basi akapigiwa kaka. Kaka, aliyekuwa mbali na aliyeamshwa usingizini, ndiye aliyeulizwa maswali na ndiye aliyekubali kwa niaba ya mgonjwa. Huyu aliyekuja naye ndani ya gari la wagonjwa akaambiwa asubiri.

Baada ya muda akaniomba kalamu. Aliandika jina la dawa kwenye kipande cha karatasi, na chini yake akaandika: "Inamvimbisha uso na kumbana pumzi. Ilishamtokea." Akakikunja, akakitia mkononi mwangu. "Dada, wewe watakuruhusu kuingia. Naomba umpe nesi."

Nilikipeleka. Kilipokelewa vizuri, na simlaumu yule muuguzi hata kidogo. Alifuata fomu, na fomu hufuata sheria. Lakini niliporudi kwenye benchi moyo wangu haukutulia. Mimi usiku ule sikujua hata kundi la damu la mume wangu, na nilipewa kalamu. Yeye alijua mpaka dawa inayoweza kumuua mwenzake, na aliachwa nje.

Nilikuja kujua baadaye kwamba walikuwa wameishi pamoja miaka 11, nyumba moja, kapu moja, mpango mmoja wa uzee. Mbele ya sheria walikuwa watu baki.

Naandika haya kwa sababu naamini watu wa jinsia moja wanaopendana wapewe haki ya kufunga ndoa ya kiserikali, ndoa kamili, kwa jina lake. Najua neno lenyewe linawachoma wengi, wakiwamo watu ninaowapenda. Mimi pia ni mtu wa kusali. Na sikuanzia hapa nilipo sasa. Nilifika polepole, na kwa kusitasita.

Tuanze na kile serikali inachofanya inapofungisha ndoa, maana nadhani hapo ndipo mjadala huu hupotea njia mapema. Msajili wa ndoa habariki kitu. Haulizi kama mnapendana, wala hajali mtakavyolala. Anachofanya ni kazi moja kubwa: anamgeuza mtu baki kuwa ndugu. Sheria ina njia chache sana za kufanya hivyo. Unaweza kumwasili mtoto, na unaweza kufunga ndoa. Kuanzia siku ile, popote swali la "wewe ni nani wake?" litakapoulizwa, iwe kwenye benki, uhamiaji, mahakama ya mirathi, chumba cha wagonjwa mahututi au chumba cha maiti, mna jibu, na jibu hilo huwalazimu wengine wote kulikubali. Baba hawezi kulikataa. Kaka hawezi kulikataa. Mwajiri hawezi.

Kwa hiyo anayenyimwa ndoa hanyimwi sherehe. Sherehe hata leo watu hufanya, wakialika wanaowapenda. Anachonyimwa ni lile jibu.

Kisa kilichonifungua macho kuliko vingine ni cha Edith Windsor na Thea Spyer wa New York. Walikutana miaka ya 1960. Mwaka 1967 Thea alimchumbia Edith, lakini hakumpa pete. Edith alikuwa mtaalamu wa kompyuta kwenye kampuni kubwa, na pete ingezua maswali kazini: nani huyo bwana, tutamwona lini? Thea akampa bruchi ya almasi yenye umbo la duara, ya kubandika kwenye nguo, ambayo haiulizi wala haijibu kitu. Miaka 10 hivi baadaye Thea akapata ugonjwa wa neva uliomtoa kwenye fimbo mpaka kwenye kiti cha magurudumu, na Edith akamuuguza kwa miongo. Mwaka 2007, afya ikiwa imekwisha, walisafiri hadi Toronto, Kanada, wakafunga ndoa. Mwaka 2009 Thea akafariki, akamwachia Edith mali yake yote.

Serikali kuu ya Marekani ikaleta bili ya kodi ya mirathi: dola 363,053. Mjane wa mwanamume asingedaiwa hata senti, kwa kuwa mali inayotoka kwa mume kwenda kwa mke haitozwi kodi hiyo. Lakini sheria ya mwaka 1996 ilisema kwamba kwa serikali kuu, ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Edith alikuwa ameishi na mtu zaidi ya miaka 40, akamzika, halafu karatasi ikamwambia amerithi mali ya mtu baki. Alikwenda mahakamani akiwa bibi wa miaka 80 na ushei. Juni 26, 2013, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikampa haki kwa kura 5 dhidi ya 4.

Mimi hukaa kwenye ile bruchi kuliko kwenye ile kodi. Nafikiria mtu akiivaa kila asubuhi kwenda kazini, siku zote zile, akijua maana yake peke yake.

Hukumu hiyo ilipotangazwa, kule Cincinnati, Ohio, bwana mmoja aitwaye John Arthur alikuwa kitandani, hawezi tena kutembea. Alikuwa na ugonjwa unaokausha misuli hadi pumzi. Jim Obergefell, aliyekuwa akiishi naye zaidi ya miaka 20, alikuwa kando yake, na siku ile ile akamwambia waoane. Ohio haikuruhusu. Jamaa na marafiki wakachanga pesa za ndege yenye vifaa vya hospitali, na Julai 2013 ikawapeleka Maryland, ambako sheria iliruhusu. Hawakushuka. Ndege ilisimama uwanjani, shangazi yake John akawafungisha ndoa humo humo ndani, kwa dakika chache, kisha ndege ikawarudisha nyumbani.

John alifariki Oktoba mwaka ule. Kesi waliyoifungua ilihusu karatasi moja tu: cheti cha kifo. Ohio ilitaka kuandika kwamba marehemu hakuwa na ndoa, na pale penye nafasi ya jina la mwenzi aliyebaki pasiandikwe kitu. Jim hakudai mali. Alidai jina lake liandikwe kwenye ile nafasi, kwa kuwa ndiyo kweli. Kesi hiyo, ikiunganishwa na nyingine, ndiyo iliyofungua ndoa kwa Marekani nzima Juni 26, 2015, tena kwa kura 5 dhidi ya 4.

Sasa nije kwenye swali ambalo huulizwa kwa kicheko, na ambalo mimi naona lina uzito wake: "Hapo nani anaoa na nani anaolewa?"

Kiswahili kimetufunza hivyo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja ni mtendaji, mwingine ni mtendwa. Ukisema mwanamke "ameoa", watu wanacheka kabla hujamaliza sentensi. Na kwa karne nyingi sheria nayo ilisema hivyo hivyo. Uingereza, hadi sheria ya mwaka 1882 ilipobadilisha mambo, mali ya mke kwa sehemu kubwa ilikuwa chini ya mume tangu siku ya ndoa. Ufaransa, hadi mwaka 1965, mwanamke aliyeolewa hakuwa na uhuru wa kufungua akaunti ya benki au kushika kazi bila ridhaa ya mumewe. Mahakama ya juu ya Uingereza ilingoja mpaka mwaka 1991 kutamka kwamba mume anaweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe. Katika ndoa ya namna ile, kweli, sheria ilihitaji kujua nani ni nani. Kulikuwa na cheo cha mume na nafasi ya mke, na havikubadilishana.

Lakini vifungu hivyo vimefutwa kimoja baada ya kingine, na waliovifuta hawakuwa wakifikiria wapenzi wa jinsia moja hata kidogo. Walikuwa wakipigania wake. Mwishowe, katika nchi nyingi, ukisoma sheria ya ndoa leo utakuta wajibu wa mume kwa mke ni ule ule wa mke kwa mume: kutunzana, kurithiana, kulea. Ukifika hapo, uliza: sheria inahitaji nini tena kujua jinsia ya mmoja wapo? Haina kazi ya kuipa taarifa hiyo. Hata Kiswahili kina neno hilo tayari, na tunalitumia kila siku bila kulitafakari: kuoana. "Mlioana lini?" Hakuna mtendaji na mtendwa hapo. Wote wawili wanatenda, wote wawili wanatendewa. Nimekuwa nikiliona neno hili kwa macho mengine tangu siku nilipolifikiria vizuri, na mimi mwenyewe nikiulizwa sasa sisemi niliolewa. Nasema tulioana.

Wanaosema maana ya ndoa haijawahi kubadilika, nawaheshimu, lakini historia haiwaungi mkono. Usiku mmoja wa Julai 1958, jimbo la Virginia, sherifu na wenzake waliingia chumbani kwa Richard na Mildred Loving wakiwa wamelala, wakawamulika tochi. Richard alikuwa mzungu, Mildred si mzungu. Sherifu akamuuliza Richard huyu mwanamke uliyelala naye ni nani. Mildred akajibu kwamba yeye ni mke wake, na cheti cha ndoa kilikuwa kimetundikwa ukutani. Wakaambiwa hapa hicho hakifai kitu. Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza baada ya ule usiku wangu wa hospitali, ilibidi nikiweke chini kwanza. Swali ni lile lile, na jibu sahihi lilitolewa, na likakataliwa.

Walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kikasimamishwa kwa sharti waondoke jimboni miaka 25. Walipojaribu tena mahakamani, hakimu aliandika kwamba Mwenyezi Mungu aliumba watu wa rangi mbalimbali na kuwaweka kwenye mabara tofauti, kwa hiyo hakukusudia wachanganyike. Hakimu huyo hakuwa akitania, aliamini. Mwaka 1967 Mahakama Kuu Kabisa ikaifuta hukumu hiyo kwa kauli moja. Na Afrika Kusini ilikuwa na sheria yake ya kupiga marufuku ndoa za rangi mchanganyiko, ya mwaka 1949, iliyodumu hadi 1985. Sisemi rangi na jinsia ni kitu kimoja. Nasema tumewahi kusikia, kwa sauti ile ile ya uhakika, kwamba Mungu na maumbile wamekataza, na leo hakuna padri wala shehe ninayemjua anayeweza kusimama mbele ya watu na kuitetea hukumu ya yule hakimu.

Kuhusu watoto, nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo hoja inayotajwa zaidi. Ndoa ni kwa ajili ya kuzaa, tunaambiwa. Lakini hakuna msajili anayempima mtu uzazi. Ajuza wa miaka 70 anafunga ndoa na mzee wa miaka 75 na tunapiga vigelegele. Mwaka 1987 mahakama ile ile ya Marekani ilisema hata mfungwa ana haki ya kuoa. Isitoshe, watoto wapo tayari. Katika kesi ya 2015 walikuwamo April DeBoer na Jayne Rowse wa Michigan, wauguzi wote wawili, waliochukua watoto ambao wengine walikuwa wamewaacha, baadhi yao wakihitaji uangalizi wa pekee. Jimbo halikuruhusu waasili pamoja kwa kuwa hawakuwa na ndoa, kwa hiyo baadhi ya watoto walikuwa wa mmoja kisheria na wengine wa mwenzake, ndani ya nyumba moja. Mmoja angefariki, watoto "wake" wangeweza kuchukuliwa kutoka kwa mama aliyebaki. Mtu akiniambia anapinga ndoa hizi ili kuwalinda watoto, ningependa anieleze ni mtoto yupi wa nyumba ile aliyekuwa akilindwa.

Na wale wanaouliza, "kesho si watataka kuoa watoto au wanyama?", jibu ni ridhaa. Mtoto hawezi kuridhia, mnyama hawezi kuridhia. Watu wazima wawili wanaweza.

Nilisema nilifika hapa kwa kusitasita. Kwa miaka msimamo wangu ulikuwa huu: wapewe haki zote, lakini tuwaachie wenye dini neno lenyewe. Waitwe wenza waliosajiliwa, au jina lolote. Niliona ni suluhu ya watu wenye busara. Na si wazo la kipuuzi; Denmark ndiyo iliyoanza mwaka 1989, na miongoni mwa waliosajiliwa siku ya kwanza walikuwamo Axel na Eigil Axgil, wazee waliokuwa wameishi pamoja takriban miaka 40. Picha yao wakibusiana kwenye kigari cha farasi bado hunigusa. Uingereza nayo ilianza na sheria ya wenza ya mwaka 2004. Kwa wengi ilikuwa ngazi.

Aliyenitoa kwenye msimamo huo ni jaji. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisikiliza kesi ya wanawake wawili, Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, waliokuwa pamoja kwa zaidi ya miaka kumi. Hukumu iliandikwa na Albie Sachs, mtu aliyepoteza mkono na jicho kwa bomu la makaburu mjini Maputo mwaka 1988. Alikataa kwamba kutenganisha kunaweza kuwa usawa, na nchi yake inajua, kuliko nchi nyingi, maana ya kuwa na mlango wa hawa na mlango wa wale, hata milango ikiwa imepakwa rangi moja. Bunge likapewa miezi 12. Sheria ilianza kutumika Novemba 30, 2006, siku moja kabla muda haujakwisha, na iliwaachia wahusika wachague: muungano wao uitwe ndoa, au uitwe ubia wa kiraia.

Nilikubali kwa sababu nilirudi akilini kwenye lile benchi. Kama yule dada angemjibu muuguzi, "Mimi ni mwenza wake aliyesajiliwa chini ya sheria fulani," saa nane usiku, muuguzi angeuliza hiyo ni nini, ina nguvu gani, iko wapi karatasi yake. Mimi nilisema maneno mawili. "Mke wake" yanaeleweka na kila mtu, kila mahali, hata na asiyejua kusoma. Nguvu ya ndoa iko ndani ya jina. Ukimpa mtu kila kitu ila jina, umemwachia kazi ya kujieleza maisha yake yote.

Basi dini iwekwe wapi? Ibaki mahali pake, na mahali pake palindwe. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2013 iliandika wazi kwamba hakuna mchungaji, imamu wala rabi atakayelazimishwa kufungisha ndoa asiyoiamini, na kwa Kanisa la Anglikana ikaweka ukuta mnene zaidi. Denmark, mwaka 2012, ilifungua milango ya kanisa la taifa lakini ikamwachia kila kasisi haki ya kukataa. Mimi naunga mkono hilo kwa moyo wote. Sitaki serikali madhabahuni kwetu, siku ya kufungisha ndoa wala siku nyingine yoyote.

Karani wa serikali ni suala jingine, na hapa nimekaa muda mrefu. Mwaka 2015 kule Kentucky karani aitwaye Kim Davis alikataa kutoa vibali vya ndoa kwa sababu ya imani yake, akalala jela siku kadhaa. Sikufurahi kuona mtu akifungwa kwa ajili ya dhamiri. Lakini mtu aliyekwenda dirishani kwake hakwenda kwa Kim. Alikwenda kwa serikali yake, na serikali ile ilikuwa imempa haki hiyo. Afrika Kusini ilijaribu njia ya huruma: sheria ya 2006 iliwaruhusu maofisa wa serikali wenye pingamizi la dhamiri waseme hapana. Matokeo yake ni kwamba kuna watu waliofika kwenye ofisi ya serikali yao wakaambiwa hakuna wa kuwahudumia, nendeni kwingine. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2020. Nadhani walifanya sawa, ingawa najua kuna ofisa mwema mahali fulani ambaye uamuzi huo ulimnyima usingizi.

Kura za maoni nazo zina utamu na uchungu. Ireland, nchi ya Kikatoliki kwa sehemu kubwa ya historia yake, ilipiga kura Mei 22, 2015, na asilimia 62 wakasema ndiyo. Watu walisafiri kutoka nchi za nje kurudi kupiga kura. Cuba ilisema ndiyo Septemba 2022. Nilifurahi. Lakini California, mwaka 2008, kura ilikwenda kinyume. Mahakama ilikuwa imeruhusu ndoa hizo katikati ya mwaka, watu maelfu wakaoana, na Novemba wapiga kura wakaufunga mlango. Waliowahi wakabaki na ndoa zao. Waliosubiri mama apate nauli ya kuhudhuria wakakosa, hadi 2013. Mimi sikumbuki majirani zangu wakipigishwa kura juu ya ndoa yangu. Nisingependa kusimama mlangoni kwa mtu na kikaratasi, nikimwomba aniruhusu niwe mke wa mume wangu.

Uholanzi ndiyo iliyotangulia kuliko wote, usiku wa manane kuamkia Aprili 1, 2001, meya wa Amsterdam, Job Cohen, alipofungisha ndoa za jozi 4 za wapenzi. Leo zaidi ya nchi 35 zinaruhusu. Taiwan tangu 2019, Thailand tangu Januari 2025. Wanaume na wanawake wa nchi hizo wanaendelea kuoana na kuzaa kama zamani. Upande wa pili, zaidi ya nchi 60 bado zinahesabu mapenzi haya kuwa jinai. Huko mtu hawezi hata kusema "tunaishi pamoja" kama alivyosema yule dada, na najua kwa wasomaji wa huko makala haya yanazungumzia ghorofa ya pili wakati msingi haujachimbwa. Watoke jela kwanza. Nakubali. Lakini nisingependa watoke jela waje kukaa kwenye benchi.

Yule mgonjwa alipona. Kaka yake alifika alfajiri, akasalimia, akapita moja kwa moja ndani. Simwelezi kwa ubaya, alikuwa na hofu ya kweli usoni. Mimi na yule dada tukapeana namba, na tumekuwa marafiki tangu hapo, mwaka wa sita huu.

Watu wengi huniambia: si waandike wosia tu, waandikishiane mali, mambo yaishe? Wameandika. Yule dada ana faili la bluu ambalo humo mna wosia wake, wosia wa mwenzake, hati ya nyumba kwa majina mawili, hati ya kila mmoja kumpa mwenzake mamlaka ya kumwamulia akiwa hajiwezi, barua kwa madaktari, orodha ya dawa, na barua kwa ndugu wa pande zote mbili. Analihamisha kutoka mkoba huu hadi mkoba ule kila asubuhi, kabla hajachukua funguo. Kila karatasi ililipiwa wakili. Kila karatasi ndugu mwenye hasira anaweza kuipinga mahakamani. Na bado haziwafanyi kuwa ndugu. Hazileti pensheni ya mjane, wala hazimpi mmoja haki ya kuishi nchi moja na mwenzake kama mmoja wao ni mgeni.

Majuzi aliniomba nimsindikize nikawe shahidi wa karatasi ya nane, ya maagizo ya mazishi. Anataka mwenzake ndiye aamue atazikwa wapi. Ofisini palikuwa na foleni fupi. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi iliyoandikwa "uhusiano na mhusika", na nilimwona akishikilia kalamu juu ya nafasi ile kwa muda, kisha akaandika neno moja: mwenzi.

Karani, kijana mpole, akaisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Akafika pale akasimama.

"Samahani, mama. Mwenzi wa nini? Wa kazi?"

"Wa miaka 17," akasema.

Kijana akamtazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi. Akagonga mhuri, akamrudishia, na yeye akaiingiza kwenye faili la bluu, akafunga vifungo vyake vyote viwili.